Kitale, dafu na nazi: dinosaria wa kichwa cha kuba ni watatu au ni mmoja?

SWALI: Mwanangu wa darasa la tano ana vitabu viwili vya dinosaria. Kimoja kina picha za wanyama watatu wa vichwa vigumu: Dracorex, Stygimoloch na Pachycephalosaurus. Kingine kinasema wote hao ni mnyama mmoja. Nilipochimba zaidi nikakuta kwamba mnyama huyo aliwahi kuitwa Troodon, nami nilidhani Troodon ni mla nyama mdogo mwenye mbio. Nimwambie nini mtoto? Majina haya huamuliwaje? Yeye mwenyewe anataka kujua jambo moja tu: je, walipigana vichwa kama mabeberu? (Mama wa Tanga)

JIBU: Dada, mwambie mtoto kwamba kitabu cha pili kiko karibu zaidi na ukweli. Wataalamu wengi leo, nami nikiwamo, tunaona kwamba Dracorex na Stygimoloch ni Pachycephalosaurus ambao hawajakomaa. Lakini usikitupe kitabu cha kwanza. Waliokiandika hawakudanganya. Walifuata majina yaliyotolewa kihalali, na hadi leo wapo wanaoyatetea, tena kwa hoja.

Kwa kuwa unaandika kutoka Tanga, sina haja ya kukueleza mnazi. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: majina matano, tunda moja. Sasa mchukue mtu ambaye hajawahi kuuona mnazi maishani mwake. Mpe kitale kimoja, dafu moja, na nazi moja iliyokwisha kufuliwa, kisha umwulize ni matunda ya aina ngapi. La kwanza ni dogo, la kijani, ndani halina cha maana. La pili limejaa maji na nyama yake unaikwangua kwa kijiko. La tatu ni kahawia, gumu kama jiwe, na lina macho matatu. Akikujibu kwamba ni matunda matatu utamlaumu kwa lipi? Amesema alichokiona. Kilichomkosesha ni kutouona mti.

Mafuvu yetu yanatoka katika miamba ya Hell Creek na mingine ya rika lake, huko Montana, Dakota na Wyoming nchini Marekani. Ni matope ya mito na vinamasi vya siku za mwisho kabisa za dinosaria, wale waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1943 Barnum Brown na Erich Schlaikjer walieleza fuvu zuri sana kutoka Ekalaka, Montana: kubwa, karibu kamili, na juu yake kuba la mfupa mtupu. Katika mnyama huyu mfupa wa kuba unaweza kukaribia unene wa sentimita 25. Rula ya shule ya mwanao ina sentimita 30, basi mwambie aisimamishe juu ya utosi wake aone. Wakampa jina Pachycephalosaurus, maana yake mjusi wa kichwa kinene.

Ikapita miaka arobaini. Mwaka 1983 Peter Galton na Hans-Dieter Sues wakatangaza Stygimoloch, jina lililounganisha mto wa kuzimu wa Wagiriki na mungu wa kale aliyesifika kwa kutolewa watoto kafara. Jina zito kwa kitu chepesi, kwa maana walichokuwa nacho mkononi kilikuwa kipande cha kona ya nyuma ya fuvu chenye pembe ndefu zilizochongoka. Vipande vingine vilivyopatikana baadaye vilionyesha kwamba alikuwa na kuba, ila dogo na jembamba.

Mwaka 2006 akaja Dracorex. Fuvu lake liliokotwa Dakota Kusini na wapenzi watatu wa visukuku, watu wasioajiriwa kwa kazi hiyo, nao wakalitoa zawadi kwa jumba la makumbusho la watoto la Indianapolis. Robert Bakker na wenzake wakaliita Dracorex hogwartsia, mfalme joka wa Hogwarts, wakikumbuka shule ya wachawi katika riwaya ambazo mwanao bila shaka anazijua. Huyu kichwa ni bapa. Hana kuba hata la kusingizia, lakini uso na kisogo vimejaa miiba na vinundu kama ganda la stafeli.

Wapange sasa mezani kwa ukubwa. Mdogo ana kichwa bapa na miiba. Wa kati ana kuba dogo na pembe ndefu. Mkubwa ana kuba kubwa na vinundu butu mahali palepale ambapo wenzake wana pembe. Jack Horner na Mark Goodwin waliwapanga hivyo mwaka 2009, na hawakuishia kwenye sura ya nje. Walikata mifupa, wakaisaga hadi ikawa vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, wakaiweka chini ya hadubini. Mfupa unaokua kwa kasi huonekana kama sifongo, umejaa njia za damu. Mfupa wa mzee umeshikamana na kufungika. Stygimoloch alionekana bado anakua. Fuvu la Dracorex lilikuwa na matundu ambayo kwa Pachycephalosaurus mkubwa yamekwisha kuzibwa na kuba. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kuba hupanda kadiri mnyama anavyokua, na pembe, badala ya kuzidi kurefuka, hufika kilele chake ujanani kisha mwili huzila taratibu hadi zikabaki vinundu.

Pembe kurudi nyuma ni jambo linalowapa watu taabu kulimeza. Kuba kuchelewa ni jepesi zaidi, na mfano wake unatembea uani. Kifaranga wa kanga hana kile kipembe cha mfupa kichwani. Angalia mkubwa wake, ana kofia. Mtu asiyemjua kanga akipewa mafuvu mawili bila ndege wenyewe, atakuwa yuleyule mgeni wa nazi.

Kuna hoja moja iliyonishawishi kuliko hadubini yenyewe. Kabla ya 2009 tulikuwa na Pachycephalosaurus wazima lakini hatukuwa na watoto wao. Tulikuwa na Dracorex kijana lakini hakuna aliyewahi kupata Dracorex mzee. Wote katika miamba ileile, wa zama zilezile. Mzazi asiye na watoto na mtoto asiye na wazazi wanaishi mtaa mmoja, lazima ujiulize. Mwaka 2016 Goodwin na David Evans walieleza mifupa ya vijana zaidi kutoka Montana, na mpangilio wa vinundu vya kisogoni ulikuwa tayari ni ule wa Pachycephalosaurus.

Isitoshe, mchezo huu tulishauona. Mwaka uleule wa 1983, Galton na Sues walitoa jina lingine, Ornatotholus, kwa kichwa kuba mdogo wa Alberta, Kanada, mwenye utosi uliokaribia kuwa bapa. Alberta ina bahati ambayo Hell Creek haina: vipande vya utosi ni vingi, wakubwa kwa wadogo. Walipopangwa mmoja baada ya mwingine, Ornatotholus akaangukia ndani ya safu ya Stegoceras, kichwa kuba mwingine wa hukohuko, akiwa mtoto wake. Leo karibu hakuna anayelitetea jina hilo.

Wanaobisha wanasemaje? Kwanza, kwamba mafuvu ya Hell Creek ni machache mno kwa madai makubwa namna hiyo. Hilo ni kweli. Pili, wapo wanaoona kwamba vielelezo vya aina ya Stygimoloch vinatoka tabaka za juu zaidi za mwamba, yaani za baadaye, kwa hiyo huenda ni spishi ya pili ya Pachycephalosaurus iliyofuata ile ya kwanza. Hoja hii naiheshimu. Hata ikishinda, jina Stygimoloch litakuwa limepoteza nafasi yake ya jenasi, yaani sehemu ya kwanza ya jina la mnyama, na mnyama ataitwa Pachycephalosaurus spinifer.

Halafu, mwaka 2025, Mongolia ikatuletea mgeni aliyevuruga meza. Anaitwa Zavacephale rinpoche, kutoka jangwa la Gobi, mwenye umri wa miaka milioni 108 au zaidi, ambaye ndiye kichwa kuba mkongwe kuliko wote wanaojulikana. Urefu wake haufiki mbali na mita moja, mifupa ya miguu inaonyesha hakuwa amemaliza kukua, na kuba lake limekamilika. Kijana mwenye nazi iliyokomaa! Hapo ndipo mfano wangu wa mnazi unapokatika. Kumbe si kila ukoo ulichelewesha kuba, na huwezi kuona kichwa bapa ukasema "mtoto" bila kukata mfupa. Kwa wale wa Hell Creek mifupa imekatwa, ndiyo maana sijabadili msimamo. Lakini kwa Homalocephale, kichwa bapa wa Mongolia ambaye baadhi yetu tunamshuku kuwa kijana wa Prenocephale, kichwa kuba mwingine wa hukohuko, sasa naenda polepole zaidi.

Nije kwenye Troodon, maana hapo ndipo utaona majina yanavyofanya kazi.

Kanuni za kimataifa za kutaja wanyama zinalifunga jina kwenye kielelezo kimoja. Ni kama hati ya kiwanja: hati haihusu Tanga nzima, inahusu kiwanja chenye namba fulani. Mfupa mmoja, uliohifadhiwa kabatini katika jumba fulani la makumbusho, ndio unaobeba jina. Vielelezo vingine vyote huazima jina hilo kwa sababu mtaalamu ameshawishika kwamba vinafanana na ule. Ikija kuonekana kwamba viwanja viwili ni kimoja, hati ya zamani ndiyo inayosimama. Kwa hiyo Pachycephalosaurus wa 1943 anamshinda Stygimoloch wa 1983 na Dracorex wa 2006. Hakuna anayeuliza lipi ni jina zuri, na mwanao ana haki ya kusikitika kumpoteza mfalme joka.

Mwaka 1856 Joseph Leidy wa Philadelphia alilipa jina jino moja dogo lenye meno ya msumeno pembeni, lililotoka Montana. Akaliita Troodon. Kiwanja chake chote ni hilo jino. Mwaka 1902 Lawrence Lambe wa Kanada akatoa jina Stegoceras kwa vipande vya kuba kutoka Alberta. Vilikuwa vipande vitupu, bila uso wala taya, na hakuna aliyejua vilikaa wapi mwilini. Wengine walidhani ni sehemu ya pembe ya pua. Kisha mwaka 1924 Charles Gilmore akaeleza fuvu kamili lenye kuba, pamoja na sehemu ya kiunzi, lililochimbwa na George Sternberg. Kwa mara ya kwanza kichwa kuba alikuwa na meno yake mdomoni. Gilmore akayatazama, akakumbuka jino la Leidy, akaona yanafanana. Jina la 1856 ni la zamani kuliko la 1902, basi Stegoceras akawa Troodon, kwa kufuata kanuni sawasawa. Ndiyo maana fuvu la Wyoming alilolieleza mwaka 1931 alilipa jina Troodon wyomingensis. Huyo ndiye Pachycephalosaurus wetu, na ndiyo sababu jina lake kamili hadi leo ni Pachycephalosaurus wyomingensis: nusu ya mwaka 1943, nusu ya mwaka 1931.

Kanuni zilifuatwa, kilichokosewa ni ufananisho. Mwaka 1945 Charles M. Sternberg alisema kwamba vichwa kuba hawana uhusiano na jino la Leidy, akawaundia familia yao ya Pachycephalosauridae, na miaka mitatu baadaye Loris Russell akaonyesha kwamba jino lile ni la dinosaria mla nyama. Kwa hiyo Troodon wako mwenye mbio ni sahihi kama ulivyomjua. Simcheki Gilmore. Meno ya mbele ya vichwa kuba kweli yana ncha na pembe za msumeno, na mtu mwenye fuvu moja tu mbele yake angefikiri vivyo hivyo. Mwenye bahati mbaya zaidi ni Troodon mwenyewe: wapo wengi leo wanaosema jino moja halitoshi kumtambua mnyama yeyote, na jina lake limebaki likining'inia.

Kanuni ya "wa kwanza ndiye mwenye haki" ina mlango wa dharura, na vichwa kuba waliupitia. Mwaka 1872 Leidy huyohuyo alikipa kipande cha mfupa wenye vinundu jina la Tylosteus ornatus, akidhani ni gamba la mjusi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1979, Donald Baird alikitoa kabatini akatambua kwamba ni kona ya fuvu la kichwa kuba, kwa dalili zote Pachycephalosaurus. Hesabu ni rahisi: 1872 ni kabla ya 1943. Kisheria jina maarufu lilipaswa kufutwa. Baird mwenyewe akapeleka ombi kwa tume ya kimataifa inayosimamia majina ya wanyama, akieleza kwamba Tylosteus halijatumiwa na mtu kwa miongo, kwamba mfupa wenyewe ni duni na hata mahali ulipotoka hapajulikani vizuri. Katikati ya miaka ya 1980 tume ikakubali, na Pachycephalosaurus likalindwa. Nampenda Baird kwa hilo. Angeweza kujipatia sifa ya kulifufua jina la kale, akachagua lisiwavuruge watu.

Hutauliza, lakini mwanao atauliza: Afrika je? Jibu linapitia Mahajanga, bandari ya Madagaska ambayo majahazi ya pwani yetu yaliijua vizuri. Kutoka eneo hilo lilipatikana kuba la mfupa ambalo Sues na Philippe Taquet walilipa jina Majungatholus mwaka 1979, kuba la Majunga. Habari ilikuwa kubwa, kwa sababu vichwa kuba wote wa uhakika hutoka Asia na Amerika ya Kaskazini, na huyu alikuwa amevuka hadi Bahari ya Hindi. Ilidumu hadi mwaka 1996, lilipofukuliwa fuvu karibu kamili la mla nyama mkubwa mwenye pembe fupi nene juu ya paji la uso. "Kuba" lilikuwa hiyo pembe. Mla nyama huyo sasa anaitwa Majungasaurus, na kwetu tukabaki bila kichwa kuba hata mmoja.

Mfupa mnene udumu, uso mwembamba upotee: hiyo ndiyo shida ya kundi hili zima. Kuba ni gumu kama kokoto ya mtoni, linabiringika na kusagika huku sehemu nyingine zikioza, kisha mtaalamu anaokota kokoto na kutafuta mwenyewe. Uingereza nako kulikuwa na Yaverlandia wa kisiwa cha Wight, akaishia kundi lilelile la wala nyama wa miguu miwili. China kulikuwa na Micropachycephalosaurus, mnyama mdogo kuliko karibu dinosaria wote wa mimea, mwenye jina refu kuliko yote. Alipochunguzwa upya hakuonekana kuwa kichwa kuba, na jina hilo refu atalibeba milele kwa sababu kanuni hazikubali kulifuta kwa kuwa tu linapotosha. Na mwaka 2023 watafiti wa Alberta walipiga picha za ndani ya kuba za Gravitholus na Hanssuesia kwa mionzi, wakasema wote wawili ni Stegoceras. Orodha inaendelea kupungua upande huo huku ikiongezeka kwingine.

Kwenye ukoo mpana hakuna ugomvi mkali. Vichwa kuba ni walaji wa mimea, na ndugu zao wa karibu ni kina Triceratops. Kundi zima linatambulika kwa ukingo wa mfupa unaojitokeza nyuma ya fuvu, ambao kwa Triceratops umekuwa ngao. Tatizo lililobaki ni la muda: jamaa za Triceratops wanaonekana tangu miaka milioni 160 hivi iliyopita, na ndugu hawa wawili lazima waliachana wakati mmoja. Vichwa kuba walikuwa wapi muda wote huo? Zavacephale amepunguza pengo. Wapo waliopendekeza kulijaza kwa kumwingiza Heterodontosaurus, dinosaria mdogo wa kusini mwa Afrika, katika ukoo huo, pendekezo ambalo lingeturudishia Afrika kwa mlango wa nyuma. Mimi bado silinunui.

Na mabeberu? Mwambie ndiyo, karibu. Mwaka 2013 Joseph Peterson na wenzake walikagua makuba 109 wakakuta asilimia 22 yana vishimo vya majeraha yaliyoota usaha na kupona, yote juu ya kuba, pale ambapo mtu angetarajia kupigwa. Kama walikimbiliana kutoka mbali au walisimama na kusukumana kama mafahali, hapo bado tunabishana. Lakini katika vichwa bapa hawakukuta jeraha hata moja. Labda walikuwa majike, na labda, kama kitabu cha pili kingependa tuamini, walikuwa watoto waliosimama pembeni wakitazama.